Kitabu Kilichofungwa na Mwanahiti

Temeke ya utoto wangu ilikuwa na kitabu kimoja. Nasema kimoja, na mtu asinibishie. Misahafu ilikuwapo, na Wakristo walikuwa na Biblia zao, lakini kitabu cha hadithi, cha kusoma kwa raha tu, kilikuwa kimoja, nacho kilikaa kwenye kabati la jumba la ustawi. Kabati lenyewe lilitiwa kufuli, utadhani kitabu kina miguu.

Kila Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, sisi watoto tuliokuwa tukielekea kubalehe tulikaa mkekani mle jumbani, tukakisoma kwa zamu. Walituita chama cha wasomaji. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tumetega masikio, na mwalimu wetu, mama mmoja wa bara, anatukatiza pale pale utamu unapokolea. “Yatosha. Mengine Jumamosi.” Walimu walionichapa sikuwachukia hivyo. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kaka na dada waliopotezana wangali wadogo, na kila mmoja anamtafuta mwenziwe mji hadi mji. Tulirudi nyumbani tukigombana: wataonana, hawataonana?

Msomaji wetu bora alikuwa shoga yangu, binti wa karani wa reli aliyehamia kutoka bara. Sisi wengine tulisoma kama tunaomeza kwinini. Yeye akisoma, hata wahuni waliokuja kucheza keram chumba cha pili walinyamaza wakasikiliza. Mwalimu akamkabidhi ufunguo wa kabati. Kisha akatuambia kuwa bibi wa Kizungu wa ofisi ya ustawi atakuja kutusikiliza, na msichana atakayempendeza atapelekwa shule ya bweni akasomee ualimu. Hakuna aliyeuliza ni nani. Sote tuligeuka tukamtazama yeye. Nyumbani kwao baba yake alikwisha kusema kwamba fedha za ada ni za wanawe wa kiume, na yeye mchumba wake yuko tayari kijijini kwao. Shule ile ilikuwa ndiyo njia yake pekee ya kuponea.

Mimi nikavunja ungo. Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali, haonekani na watu mpaka atolewe kwa ngoma. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, akanitia chumba cha nyuma, akanikabidhi mwanahiti, kile kitoto cha mti anachopewa mwali akilee: akiogeshe, akipake mafuta, akifunge katika kitambaa chake. Ukikilea vizuri, utazaa. Ukikipuuza, shauri yako. Nililia siku ile, na bibi akanibembeleza akidhani nalilia uhuru wangu. Nilikuwa nalilia hadithi. Tuliiacha pale yule dada yuko stesheni, na kaka yake yuko ndani ya treni inayoondoka.

Shoga yangu aliruhusiwa kufika mlangoni, nje ya pazia, kuniletea chakula. Siku moja akapenyeza bakuli la mihogo lililofunikwa kawa, na chini ya kawa kilikuwamo kitabu.

“Soma upesi,” akaninong'oneza. “Mwalimu kaenda kwao msibani. Jumamosi hii hatusomi. Kabla hajarudi nitakuwa nimekiweka mahali pake.”

“Wee! Ukikamatwa je?”

“Atanikamata nani? Si mie mwenye ufunguo?”

Nilikisoma pale penye upenyo wa mwanga chini ya paa, nimelala chali, mpaka macho yakauma. Bibi akaingia, akanikuta nacho kifuani. Nikangoja kofi. Akakaa mkekani, akakichukua, akakigeuzageuza, akakitazama kichwa chini, maana kusoma hakujua.

“Mwenzio kakuletea?”

“Ndiyo, bibi.”

“Mtoto wa watu ana adabu. Mwali huletewa zawadi.”

Hapo ndipo mapenzi ya bibi yalipotuangamiza sote. Alimchukua mwanahiti, akafungua kitambaa chake, akamlaza juu ya kitabu, akavifunga pamoja kwa fundo, akaomba dua huku machozi yanamtoka. “Wanao wasome, mjukuu wangu. Wasiwe mbumbumbu kama mie.”

Nikamwambia kitabu si zawadi, ni cha kuazima. Uso ukamshuka.

“Ungesema kabla sijafunga,” akasema.

Kwa kuwa kilichofungwa pamoja na mwanahiti hakivuki kizingiti mpaka mwali mwenyewe atoke. Ndivyo walivyoshika wazee wa nyumba yetu. Humu ndani nikifungue, nisome nipendavyo, lakini kikitolewa nje, ametolewa mtoto tumboni mwangu. Bibi aliamini hivyo, na mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, niliamini.

Mwalimu akarudi, akakuta kabati tupu. Shoga yangu hakuficha kitu. Wakaja wote wawili, nami niliwasikia barazani nikiwa nyuma ya ukuta wa udongo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, keti, unywe kahawa.”

“Nashukuru. Nimefuata kitabu cha serikali.”

“Kipo. Hakina hata doa.”

“Basi naomba nipewe.”

“Kitatoka mwali akitoka.”

“Atatoka lini?”

“Mchumba akipatikana.”

Mwalimu alikuwa mtu wa sauti ya chini, lakini siku ile aliipandisha. “Bibi, mgeni anakuja wiki ijayo. Kitabu kisipoonekana, huyu mtoto ataitwa mwizi. Shule ataikosa. Ataharibikiwa!”

“Na huyu wangu akiwa tasa,” bibi akasema, “huyo mgeni wako atamzalia?”

Nami nikafanya jambo ambalo mwali hafanyi, nikapiga kelele: “Bibi, wape! Wape waende nacho!” Sikujua naogopa nini zaidi, wakikichukua au wakikiacha.

Kisha nikasikia sauti ya shoga yangu, ile ile iliyokuwa ikinyamazisha wahuni. “Twende, mwalimu. Tumwache mwenzangu azae.”

Yule bibi wa Kizungu alikuja, akaoneshwa kabati lenye kufuli na ndani hamna kitu. Hakumsikiliza hata mtoto mmoja. Tulisikia baadaye kwamba alisema watu wa huku vitabu havidumu mikononi mwao, na chama kikavunjwa. Kabati likawekwa kete za keram. Shoga yangu alipelekwa kwao bara kuolewa kabla mvua za masika hazijaanza, na mtaani akaachiwa jina la mwizi. Hakuniaga. Angeniaga vipi, na mimi nimefungiwa?

Nilitolewa kwa ngoma kubwa. Kungwi wangu, yule mama aliyenifunda, kama ilivyo haki yake, alibeba mkeka na nguo zangu za uwalini, na kitabu akabeba. Baadaye nilinunua bizari gengeni, nikaikuta imefungwa kwa ukurasa wa stesheni.

Niliolewa Tandale. Nikangoja mwaka, nikangoja mwingine. Nilinywa mizizi, nikaaguliwa, nikapelekwa hospitali. Mume wangu akaongeza mke wa pili, akawa na watoto ukumbi mzima. Bibi yangu alikufa akilitazama tumbo langu, na mpaka leo namhurumia, na mpaka leo nina hasira naye.

Kisha siku moja, nimeinama sokoni nachagua nyanya, mtu akaniita kwa jina la utotoni. Alikuwa yeye, amekonda, meno mawili hana, ana mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono. Tulikumbatiana tukalia mbele za watu. Akaniuliza linaloulizwa na kila mwanamke baada ya salamu:

“Unao wangapi?”

“Sina.”

Hakusema neno baya, na ningemshukuru kama angelisema. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza kanga.

“Na wale ndugu,” akauliza, “kaka na dada. Waliishia wapi? Sikuwahi kufika mwisho.”

Mwisho niliujua kwa ghibu, nilikuwa nao miezi yote ile ya giza. Walionana. Walionana, wakajenga nyumba moja, wakazeeka pamoja. Nilitazama lile pengo la meno yake, nikashindwa kuutamka mwisho huo.

“Nimesahau,” nikamwambia, nikainama kuendelea kuchagua nyanya.