Maji ya Turubai

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka natafuta pa kuficha uso. Nilikuwa nimesimama katikati ya mlima wa Mwanga, jua limeshapanda, mama yangu amekaa kwenye kigari changu cha umeme na kapu lake mapajani, na kigari kimegoma. Chini bandarini meli ilikuwa inapakia watu. Nitakueleza nilifikaje pale, kwa sababu juzi umenionyesha kwenye simu picha ya kigari kama kile kile, cha mtumba, ukaniuliza, "Baba, ninunue nisinunue?" Jibu langu ni refu kidogo. Vuta kiti.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, mimi kijana mwenye kibanda cha nguo sokoni Mwanga na maneno mengi kuliko nguo. Nyumbani kwetu Ujiji, chumba cha uani walikaa Baba Espe na mkewe, Warundi. Walikuwa wamefika ufukweni kwa boti na binti yao mdogo, sufuria moja na turubai jeupe. Mama aliwapokea, na baada ya wiki moja tu ungedhani Mama Espe amezaliwa nyumba ile. Mama alisema Kiha, mwenzake Kirundi, na hawakuhitaji mkalimani. Walichambua dagaa pamoja, wakacheka mpaka wali ukaungua. Mama nyonga yake ilikuwa imeharibika, na kila jioni Mama Espe alimkanda kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, yaliyopashwa moto. Mimi mtoto wa kumzaa sikuwahi kumkanda hata mara moja. Nalisema hili bila kulipaka rangi.

Kwa sababu ya nyonga hiyo, mama alikuwa haendi popote. Kila gari lilikuwa juu mno kwake, ikabidi anyanyuliwe, naye alikuwa hataki kunyanyuliwa na mtu. Basi nikasikia hoteli moja ya kando ya ziwa inauza vitu vyake chakavu. Nikaenda, nikakiona: kigari cha umeme kilichokuwa kinabeba mizigo ya wageni, rangi imebanduka, viti vimechanika, lakini sakafu yake iko chini kabisa. Mtu anaingia kama anayevuka kizingiti. Nikasema moyoni, hiki ni cha mama. Nilikuwa nampenda sana mama yangu, mwanangu, hilo usilitilie shaka hata ukisikia yanayofuata.

Kununua ilikuwa rahisi. Kukiboresha ndiko kulikonionyesha mimi ni nani. Kitu cha kwanza nilichofanya, nikafunga tairi kubwa, eti kwa ajili ya mashimo ya barabara yetu. Nikaweka taa nne mbele na redio. Siku ya kumpandisha mama, majirani wote nje, mguu wake haukufika. Tairi zilikuwa zimekiinua. Mama akakitazama kigari, akanitazama mimi.

"Hamisi," akaniuliza, "hiki umemnunulia nani?"

Nikarudisha tairi za zamani siku hiyo hiyo, kimya kimya.

Baba Espe ndiye aliyekitia uhai. Kwao alikuwa fundi umeme kiwandani, na hapa Ujiji aliwachajia watu betri za redio. Alizipima betri sita za hotelini, akatikisa kichwa, tukatafuta nyingine mpya. Akazifunga mwenyewe, akasafisha nyaya, kisha akanikabidhi dumu la maji.

"Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu kwa lugha yao, na ndivyo alivyoniita tangu alipofika, "betri hizi zinakunywa. Zipe maji haya tu. Yakiisha, nenda Mwanga ukanunue maji ya betri dukani. Mengine, oya, hapana."

Maji yale yalikuwa ya mvua. Alikuwa ametandika lile turubai lao uani, akaacha mvua ya kwanza ilioshe, ya pili ndiyo akakinga, tone kwa tone. Turubai lililomfunika mkewe na mtoto walipokuwa hawana paa, sasa lilikuwa linakingia betri zangu maji. Mimi sikuliona hilo wakati ule. Niliona turubai tu.

Basi Ujiji nzima ikakijua kigari changu. Kwa vile kilikuwa hakina mlio, watoto wakakiita Bubu. Nilimpeleka mama msikitini, nikampeleka kwa dada yake kule Buzebazeba, na tukishafika nyumbani nikakizungusha tena mitaani peke yangu, redio juu, nionekane. Umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha, nikawa nakichaji kila ulipowaka, nakimaliza kabla ya jua kuzama. Kikawa kinakunywa maji kweli kweli. Kiangazi kikaingia, dumu likaisha, na wingu hakuna.

Kwenda dukani nikaona uvivu. Na kwa nini niende, nami nimezaliwa kando ya ziwa ambalo ukidondosha sindano unaiona inavyotua chini? Maji yetu hayana tope, hayana chumvi, tumeyanywa tangu enzi za babu na babu. Nikachota ndoo, nikajaza betri zote sita. Nikafanya hivyo kiangazi kizima.

Baba Espe alinikuta nikijaza siku moja. Akaja mbio, kikombe bado mkononi. "Oya, mwana wanje! Maji ya ziwa ni mazuri kwa mtu. Kwa betri yana vitu ndani, huvioni kwa macho. Yataziua."

Marafiki zangu wawili walikuwa wamekaa kibarazani. Nadhani ni wao walionitia kiburi, ingawa mdomo ulikuwa wangu. Nikamjibu, "Ziwa hili ndilo lililokuvusha. Wewe uliyekuja hapa na turubai utanifundisha mimi maji ya kwetu?"

Marafiki wakacheka. Baba Espe akasema taratibu, "Sawa, mwenyeji."

Mwenyeji si tusi, mwanangu. Lakini tangu siku ile aliacha kuniita mwana wanje. Kila asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo Baba Espe," anaitikia, "Marahaba, mwenyeji," kwa adabu kamili, na mimi najifanya sisikii tofauti. Baada ya siku tatu alikuja na vifaa vyake, akalala chini ya kigari mpaka adhuhuri, akafunga breki mpya. Sikuwa nimemwomba. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu akiwa bado chini huko, "Mama ndiye anayepanda, mwenyeji."

Kisha ikatangazwa kwamba wanaotaka kurudi kwao wajiandikishe. Wao wakajiandikisha. Gari lilikuja kuwachukua siku ambayo hawakuitegemea, mimi nimempeleka mama kliniki. Tuliporudi tulikuta chumba cha uani kimefagiwa, na kitandani turubai limekunjwa vizuri. Mimi nikadhani wamelisahau. Mama alikaa kwenye kile kitanda, akalia. Jirani akatuambia wamepelekwa karibu na bandari, meli inaondoka kesho yake saa nne asubuhi, na ndugu wanaruhusiwa kuwaaga getini kabla hawajapanda.

"Utanifikisha, Hamisi?" mama akaniuliza.

"Saa mbili na nusu uko getini," nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye gari.

Alifunga kapu mwenyewe: chupa ya mawese, samaki wakavu wa migebuka, na kanga yake mpya ambayo hata yeye alikuwa hajaivaa. Tukatoka mapema. Mpaka Buzebazeba Bubu alikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda Mwanga akalegea, akaenda mwendo wa mgonjwa, akasimama. Nikakanyaga, hakuna kitu. Nikafungua kiti, betri chini yake zilikuwa za moto na ndani zimefanya utando mweupe. Nikajua. Mama hakuniuliza kilichoharibika. Aliniuliza saa ngapi.

Kumhamishia gari jingine haikuwezekana, magari yaliyopita yalikuwa malori ya juu. Nikaanza kusukuma peke yangu. Wapagazi wa sokoni walionijua wakanicheka kwanza, "Bubu leo kaugua!" Lakini walipouona uso wangu wakaacha kucheka, wakaja wanne. Tulisukuma mpaka juu. Ilikuwa saa nne kasoro, na kutoka pale mpaka ziwani ni mteremko mtupu.

Nikashika usukani. Hakukuwa na umeme, kulikuwa na breki tu. Tuliteremka, mama amenishika bega, mimi nabana na kuachia, nabana na kuachia, baiskeli zinatupisha, na kila nilipokanyaga breki zilishika. Nililia njia nzima, sikuwa na mkono wa kujifuta.

Tulikuta geti limefungwa. Watu wote walikuwa wameshapanda, ngazi imeshatolewa. Mama alishuka mwenyewe, kwa sababu kigari kilikuwa chini, akaenda hadi kwenye uzio, akaita kwa Kiha. Kule juu melini Mama Espe akapenya katikati ya watu. Wakapungiana mikono, wakaitana kwa majina yao ya utotoni, waliyokuwa wameambiana wakichambua dagaa. Kapu lilibaki mkononi mwa mama. Hatua thelathini tu, na hawakushikana mikono. Hawakuonana tena mpaka mama anafariki.

Baba Espe alikuwa nyuma ya mkewe. Alikiona kigari, akaniona mimi nimelowa jasho, naye ni fundi, alielewa yote. Nilingoja aniite mwenyeji. Akaweka viganja mdomoni.

"Mwana wanje! Breki zimeshika?"

"Zimeshika, Baba!"

"Turubai nimekuachia wewe! Mvua ya kwanza, acha ilioshe!"

Meli ikaanza kusogea. Nilitaka kumwomba msamaha, nikabaki napunga mkono kama mtoto.

Vijana wa bandarini walitusukuma mpaka nyumbani, na njia nzima mama hakunigombeza. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani kule uani, akanyoosha mguu wake. "Pasha mafuta," akasema. "Sasa utanikanda wewe." Nikamkanda jioni hiyo, na kila jioni miaka yote aliyobaki nayo. Mvua ziliporudi nikatandika turubai, nikaacha ya kwanza ilioshe. Betri mpya nilizofunga zilimbeba mama mpaka mwisho.

Basi, mwanangu, nunua. Lakini fungua kiti utazame betri kabla hujatazama rangi. Funga breki kabla ya redio. Mpandishe kwanza yule unayemnunulia, umuulize kama mguu unafika. Na fundi akikwambia neno, usimpime kwa alikotoka wala kwa alichokuja nacho, maana mimi nilifanya hivyo mara moja, na mama yangu ndiye aliyelipia pale kwenye uzio. Ukiwa umemkosea mtu, mwombe radhi mkiwa bado uani pamoja. Usingoje aende mahali ambapo lazima upige kelele.

Turubai liko juu ya kabati, limekunjwa alivyolikunja yeye. Lichukue uende nalo. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe abiria wanaokupenda, na kila mteremko utakaoteremka, breki zako zishike.