Phoenix, Mji Usio na Wapita Njia

Enzi zetu kule Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, mtoto aliyeulizwa jambo na mkubwa wake alijibu ndiyo kwanza, akafikiri baadaye. Nadhani tabia hiyo nilizeeka nayo. Mwaka 2015 mwanangu Espoir alipiga simu kutoka Phoenix, mji mkubwa wa jangwani alikopata kazi ya ghalani, akataka tuondoke Louisville tumfuate. "Papa, huku theluji hakuna. Bon, magoti ya mama yatapona." Mke wangu Faida aliinamia simu, akauliza jambo moja tu: "Na watu, wako?" Mimi nikacheka. Mji mkubwa vile utakosaje watu? Nikasema ndiyo. Laiti ningekataa.

Wenzangu wa rika langu, mliotawanyika ughaibuni, Columbus, Buffalo na hapa Newburg, mtaa wetu wa Louisville, mnakumbuka tulivyoujua mji tukiwa wadogo. Hatukufundishwa barabara, tulifundishwa watu. Kulikuwa na kwa fundi cherehani, kwa Mama Zawadi mwuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mzee mwenye mbwa mkali. Asubuhi tulikwenda shule tukisukuma magurudumu ya baiskeli kwa vijiti, harufu ya ndagala zilizoanikwa ikipigana puani na ya mandazi ya moto. Ukigeuza gurudumu kuelekea ziwani, Mama Zawadi alipaza sauti: "Weye mtoto wa Salima! Shule imehamia majini?" Ukirudi nyumbani nywele bado mbichi, habari ilikuwa imekutangulia na fimbo imekwisha chumwa. Tuliwachukia wale wamama. Tuliwaita redio.

Siku moja mdogo wangu Byamungu, ambaye leo ni babu mwenye wajukuu, anakaa Buffalo karibu na Grant Street, alipotea sokoni. Alikuwa hajui hata kutaja jina la baba. Mama hakulia. Alikaza kitenge, akaanza kuuliza: "Mumeona mtoto akipita?" Mwuza chumvi alimwona, ana kipande cha muhogo mkononi. Mwuza mawese alimwona, muhogo umekwisha, analia. Tulimfuata hivyo, kutoka kwa mtu hadi mtu, mpaka kwa fundi cherehani, tukamkuta amelala fofofo juu ya vipande vya vitambaa. "Mtoto hapotei penye macho," Mama alisema, kisha akamgombeza fundi kwa nini hakumpa hata maji.

Phoenix tuliijua kwa dirisha la gari. Jumapili baada ya ibada Espoir alituzungusha: Glendale, Tempe, Mesa. Tulikwenda mpaka Faida akasinzia, na alipoamka aliuliza, "Hapa si tumeshapita?" Espoir akacheka: "Mama, huu ni mji mwingine." Kwangu ulikuwa uleule. Kuta za rangi ya udongo, changarawe mahali pa majani, miti ya miiba iliyosimama kama watu walioinua mikono. Mlango wa gereji unafunguka wenyewe, unameza gari, unajifunga. Mwenye nyumba hujamwona hata kisogo. Mchana wa kiangazi hata mbwa hatoki. Nilimwuliza Espoir nitawajuaje majirani, siku nikipotea nimwulize nani njia. "Papa, hapa njia unauliza simu." Vijana wetu hawa! Wanajua dakika zilizobaki kufika, lakini jina la anayelala ng'ambo ya ukuta hawalijui.

Kiangazi cha mwaka uliofuata binti mmoja wa kanisani kwetu alijifungua. Alikaa Glendale, peke yake na mumewe aliyefanya kazi mchana kutwa. Faida akatwanga majani ya muhogo, akapika sombe.

"Ngoja Espoir atoke kazini akupeleke," nilimwambia.

"Mzazi atangojea gari? Donc akae na njaa?"

Nilipaswa kusimama twende wote. Lakini nilikuwa nimekaa mbele ya feni, na lile jua lilinitisha. Nikamwambia anisalimie mtoto. Akafunga sufuria kwa kitenge, akaenda kupanda basi.

Baada ya saa za chakula cha mchana binti yule alipiga simu. "Papa, mama alitoka kweli? Mimi bado sijamwona." Nikapiga simu ya Faida. Ikalia palepale jikoni, kando ya mwiko. Nikatoka kufanya kile nilichojua tangu utotoni, kuuliza. Kituoni hapakuwa na mtu. Nikabisha mlango wa kwanza, nikabisha wa pili. Pazia lilitikisika, hakuna aliyefungua.

Nikampigia Espoir, akaja mbio, tukaenda Glendale. Tulipita mtaa baada ya mtaa. Kila ukuta ulifanana na uliotangulia.

"Papa, acha niangalie ramani."

"Ramani imemwona mama yako?" nilimfokea.

Mtu pekee aliyekuwa nje alikuwa mgawa barua. Espoir alimwuliza kwa Kiingereza, naye akatikisa kichwa kwa huruma. Magari yalipita, vioo vimefungwa. Nami sikuacha kutazama jua, lisilosogea.

Tulimkuta kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mtaa mmoja tu kabla ya nyumba ya binti. Kumbe alikuwa ameshuka kituo kisicho chake, akatembea. Sufuria ilikuwa pembeni yake, bado imefungwa vizuri. Ngozi yake ilikuwa moto na kavu, akaniita kwa jina la kaka yake. Hospitalini walijitahidi sana, lakini hakuamka tena.

Nimerudi Newburg. Hapa jioni akina mama hukaa kwenye ngazi za nyumba zetu wakichambua lenga-lenga, mchicha wetu, na hakuna anayepita bila kuulizwa anakwenda wapi. Watoto huwajibu kwa Kiingereza, wakinung'unika kwamba hawa wabibi wanachunguza maisha ya watu. Huwa nawacheka kidogo. Enzi zetu tulichapwa kwa sababu tulionekana. Faida wangu alikaa mchana kutwa kati ya nyumba za watu, asionekane na yeyote.

Simlaumu Espoir. Yeye aliomba tu. Mimi ndiye niliyekubali, na mimi ndiye niliyemwacha Faida aende peke yake. Kuhamia Phoenix kulinigharimu mke wangu. Amezikwa kule, nami nazeeka Louisville bila yeye.