Bila Pindo

Hakuna kitu kilichomliza Sentimita maishani kuzidi vitunguu. Miaka mitatu mfululizo, msimu wa kuwinda ukifunguliwa, ukoo wa mkewe unaingia porini na bunduki, yeye anabaki kambini na kisu butu, beseni na gunia. Wenzake wanarudi na nguruwe pori na hadithi. Yeye anarudi na macho mekundu.

Na hakuwa mzembe, jamani. Alikuwa fundi cherehani wa kukubalika, mwenye kibanda cha futi nane kwa kumi nyuma ya duka la vyombo, utepe wa kupimia shingoni saa zote. Hilo jina la Sentimita alilipata siku alipopima vipande vya keki kabla ya kukubali kwamba vimegawanywa sawa.

Shida ilikuwa mkuu wa kundi la wawindaji, ambaye alikuwa mama mkwe wake. Nesi mstaafu, mfupi, mtaratibu, aliyewadunga sindano nusu ya watu wa mtaa ule na hakumwonea huruma hata mmoja.

"Mkwe wangu, nakupenda," alimwambia mwaka huo mbele ya watu, na Sentimita akajua kinachofuata si kizuri. "Kibali umepata, hongera. Sasa katafute gobore. Unapakia mwenyewe kupitia mdomo wa mtutu, risasi moja, ukikosa unaanza upya. Anayeanza na bunduki ya kumwaga risasi hajifunzi shabaha, anajifunza kelele. Jumamosi njoo uwanjani. Risasi tano, tatu zigonge sahani ya shabaha. Zisipogonga, unajua kisu kilipo."

"Ndiyo, mama."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, kimo kifupi mdomo mrefu, alirekodi yote akairusha kwenye grupu la familia na picha ya kitunguu. Mpaka jioni vitunguu vilikuwa sitini na kimoja. Hata shangazi asiyejibuga salamu aliweka viwili.

Jumatatu Sentimita akaingia duka la bunduki. Muuzaji, bwana mwenye miwani moja puani na nyingine kichwani, akamletea gobore la nakshi za fedha, linang'aa kama bwana harusi. Sentimita akavua utepe. Akapima kitako, akapima mkono wake kuanzia kiwiko mpaka kidole, akaliweka begani, akalishusha.

"Fundi, unanunua bunduki au unaishonea suti?" muuzaji akauliza.

"Hili limeshonewa mtu mwingine. Nikilenga, shingo inarefuka kama natafuta mtu kwenye umati."

Kwenye kona kulikuwa na lingine, la mbao tupu, limechubuka kitako, bei nusu. Likamkaa begani kama koti la kupimwa. Akamulika tochi ndani ya mtutu: safi, hamna kutu. Nyundo ikivutwa inashika, ikiachiwa inagonga kwa nguvu. Akalichukua.

Kasheshe ikawa kwenye risasi. Boksi moja la saizi kamili lilikuwa bei ya sare mbili za shule. Ila rafu ya chini kabisa, chini ya vumbi, palikuwa na maboksi ya risasi za duara kwa robo ya bei.

"Hizo zimepungua kidogo kwa mtutu huo," muuzaji akasema. "Risasi ya gobore inavishwa kitambaa kabla ya kushindiliwa. Kikikaa sawasawa, hata iliyopungua inakwenda. Kisipokaa, inajiendea."

"Inavishwa kitambaa?"

"Kitambaa."

Sentimita alitabasamu kama mtu aliyeambiwa mtihani utatoka kwenye daftari lake mwenyewe. Akabeba maboksi matatu. Fataki za kuwashia na baruti yenyewe alinunua za bei kamili, kwa sababu muuzaji alimwambia wazi: bana kwingine kote, ila baruti nunua iliyoandikwa ya gobore, na uipime, usikadirie. Kumwambia Sentimita apime ni kumwambia samaki aogelee.

Alhamisi akaenda uwanjani kujaribu. Alikuwa amejiandaa kifundi: satini nyekundu ya poliesta iliyobaki kwenye magauni ya harusi, imekatwa viduara sawasawa, na kila kiduara kimepigwa pindo. Ndiyo, pindo. Zigizaga, uzi wa rangi ileile. Shemeji alikuja na simu yake, na alipoviona ilibidi akae chini.

"Shem, nguruwe anapigwa risasi au anavalishwa?"

Risasi ya kwanza haikuonekana ilikokwenda. Kilichosikika ni harufu, kama chanuo la plastiki limeanguka kwenye jiko. Satini ilikuwa imeyeyuka na kuganda ndani ya mtutu. Sentimita alishinda nyuma ya nyumba akisugua kwa maji ya moto, huku simu ikilia ting, ting, ting. Video ilikuwa imeshafika kwa wajukuu walioko ng'ambo.

Mkewe akaja na kiti, akakaa.

"Ukishona aproni ya jikoni unatumia poliesta?"

"Karibu na moto? Siwezi."

"Na humo ndani ya mtutu kuna nini, barafu?"

Sentimita aliacha kusugua. Akaingia kibandani, akamwaga gunia la mabaki sakafuni. Pamba tupu, hakuna utani mwingine. Shuka ilikuwa nyembamba, risasi ikacheza. Turubai ilikuwa nene, risasi ikagoma kuingia. Akaendelea kufinya vitambaa kwa kidole na dole gumba, macho amefumba, mpaka akafika kwenye jinzi. Akaipaka mafuta, akaifunika risasi, akasukuma. Ikaingia kwa kubisha kidogo, kama mguu kwenye kiatu kipya.

Jumamosi ukoo mzima ulikuja, wengine na viti vyao. Ya kwanza ikapita juu. Ya pili ikagonga sahani ukingoni, tii. Ya tatu ikagonga katikati. Ya nne alivuta haraka, ikaenda zake. Hakuna aliyecheka tena. Sentimita akapima baruti, akavisha risasi, akaishindilia kwa ufito mpaka ikatulia, akaweka fataki, akavuta pumzi kama anayeingiza uzi kwenye sindano.

Sahani ikazunguka mara mbili, ikaanguka.

Mama mkwe aliinuka kitini. Alitembea mpaka mbele ya mtutu uliobaki mtupu, akainama, akaokota kitambaa kilichoungua kwenye nyasi, akakifinya.

"Jinzi."

"Ndiyo, mama. Pamba tupu."

"Ya nani?"

Sentimita akageuza macho kwa shemeji. Kisha shemeji akaangalia suruali yake ya jinzi, iliyofupishwa kibandani kwa Sentimita wiki ileile.

"We shem. Si ulisema umekata kidogo tu?"

"Sentimita kumi na nne kila mguu," Sentimita akasema. "Ulisisitiza nisimwambie mtu."

Kwa kelele zilizotoka hapo, nguruwe wote wa jirani walihama. Shemeji alinyoosha mkono kwenye simu yake, akakuta dada yake alishaichukua na anarekodi.

Mama mkwe alisubiri watulie. Akatoa daftari, akaandika jina la mkwe wake kwenye orodha ya wanaoingia porini, akafunga kalamu.

"Gobore langu mimi ni saizi kama hilo lako," akamwambia taratibu. "Nikatie viduara thelathini."

"Sawa, mama."

"Bila pindo."