Kompyuta mbili za Afande Ssali

Saa tisa alasiri, Latifah amepiga magoti kwenye sakafu ya sebule katika nyumba za polisi, Bwera, akiitazama tena folda ile ile tupu. Laptopu mpya iko kwenye kigoda mbele yake. Chai aliyopewa imepoa.

"Fundi, toa ripoti," anasema mwenye nyumba, Sajini Ssali, akiwa amesimama mlangoni.

"Bado, afande. Mlango unafunguka, lakini ndani hamna mtu."

Chumbani, nyuma ya ukuta, iko kompyuta ya zamani. Ndani yake zimo video zote za Kansiime, binti wa Ssali mwenye miaka minne: akitambaa, akigombana na kuku, akiimba huku kofia ya baba yake imemfunika macho. Ssali amehamishiwa Moroto, upande wa pili wa Uganda, na anaondoka kesho jioni. Anataka kwenda na video hizo kwenye laptopu. Kompyuta ya zamani inabaki na familia.

Ingekuwa kazi ya flashi tu. Lakini matundu ya flashi ya kompyuta hiyo yamekufa, na moja Kansiime alilishindilia njiti za kiberiti. Kuzituma video zote kwa intaneti kungekula bando hadi liishe. Imebaki njia moja, kuziunganisha kompyuta hizo kupitia ruta ya nyumbani ili moja ichukue mafaili ya nyingine.

"Nikirudi likizo huyu atakuwa anaongea kama hakimu," Ssali anasema akimtazama binti yake uani. "Hii sauti ya sasa sitaipata tena."

Latifah alizaliwa Katunguru na sasa anaishi Kasese, anakopanga chumba kimoja. Hana duka. Anakwenda nyumba kwa nyumba na mfuko wake mweusi, na kwa kazi kama hii hulipwa shilingi elfu ishirini, nauli ikiwa humo humo. Hakusomea ufundi. Alijifunza kwa kompyuta mbovu ambayo baba yake, msafirishaji wa samaki wa Kahendero, alipewa na mteja.

Hata namna yake ya kutafuta tatizo ameitoa kwa baba huyo.

"Pikapu yake ilikuwa inavuja oili," anaeleza. "Alikuwa anapangusa mahali pamoja, anangoja, anaangalia. Ukipangusa kote mara moja, hutajua ilitoka wapi."

Tangu asubuhi amekuwa akipangusa hivyo. Ameangalia kama kompyuta zote mbili zimeshika ruta moja. Zimeshika. Laptopu ilikuwa imeambiwa kwamba iko kwenye mtandao wa hadharani, kwa hiyo ilikuwa inajificha. Ameibadilisha ijue iko nyumbani. Amehamisha ruta kutoka juu ya kabati. Kila akifungua mtandao anaona kompyuta iliyoandikwa SSALI. Akiifungua, inakubali. Ndani, hamna kitu.

Kyomuhendo, mke wa Ssali, anakuja na chupa ya chai na kumwita Latifah kwa jina la heshima. "Hajati, hiyo imeshakuwa maji. Lete nikuongezee."

Latifah ananyanyua kikombe. Chini yake, kwa rangi nyekundu, imeandikwa SSALI. Anatazama kigoda kilichobeba laptopu: SSALI. Beseni lililo mlangoni, jerikeni la maji, hata mwiko uliotundikwa ukutani: SSALI.

"Afande, unaandika kila kitu?"

"Kila kitu. Kambini ndoo iko na miguu. Ukilala haijaandikwa, asubuhi iko kwa jirani."

"Nimebaki mimi tu," anasema Kyomuhendo. "Siku moja nikilala sana ataniandika kwenye paji la uso."

"Wewe nani atakuiba? Unakoroma."

Latifah hacheki. Anaweka picha moja ya jaribio kwenye folda ya laptopu, kisha anarudi mtandaoni na kuifungua tena ile SSALI. Picha imo.

"Afande, na hizi kompyuta? Uliziandika?"

"Siku ya kwanza tu. Zote mbili. Si mali yangu?"

Hapo ndipo Latifah anapocheka, mpaka anakaa sakafuni. Kompyuta zote mbili zinaitwa SSALI. Kutwa nzima laptopu ilikuwa ikiita jina hilo na kujiitikia yenyewe, na yeye alikuwa akichungulia folda ya laptopu ile ile akidhani ni ya chumbani.

"Na mimi nimesumbua ruta bure," anasema.

Ile ya chumbani inahitaji jina jipya. Ssali anafikiri kwa muda, kama mtu anayekabidhi bunduki ghalani.

"Weka Mama Kansiime. Ni yake sasa."

Kyomuhendo anageuka kutazama dirishani.

Kompyuta inazimwa na kuwashwa. Jina jipya linatokea mtandaoni, folda inafunguka, na video zimejaa. Zinaanza kuja polepole, maana ruta ni dhaifu. Ya kwanza kufika ni ya kuku. Ssali anaicheza mara mbili.

Kabla ya magharibi, zikiwa hazijafika hata nusu, umeme unakatika Bwera nzima. Kompyuta ya chumbani haina betri. Inazimika.

"Kesho asubuhi niko hapa, afande. Njia tumeshaipata. Zilizobaki zitafika kabla hujafunga begi."

Anaomba kuuacha mfuko wake asiubebe hadi Kasese. Akiulizwa anatamani nini baadaye, anasema ni chumba cha kazi mjini, kidogo tu, chenye jina lake mlangoni, ili watu waache kumtafuta kwa kuuliza "yule msichana wa kompyuta".

Ssali amekwisha kuushika mfuko. Anafungua kikopo cha rangi nyeupe na kuandika herufi moja moja, bila haraka: LATIFAH.

"Usiguse," anamwambia. "Kesho itakuwa imekauka."