Masanduku ya Komba wa Musyimi

Musyimi aliishi Brisbane, Australia, miaka kumi na mmoja akiogesha wazee, kazi ya heshima ambayo aliificha kana kwamba ni wizi. Aliporudi kwetu mjini Wote, Ukambani, hakuleta mke wala lori. Alileta wanyama, wote mdomoni. Kule, alitueleza, posamu, mnyama wa ukubwa wa paka mwenye mfuko wa kubebea mtoto, hulala juu ya dari la mtu na mwenye nyumba haruhusiwi kumdhuru. Kwarara weupe, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, hupekua mapipa ya taka katikati ya jiji. Kangaruu hula nyasi kwenye viwanja vya gofu. "Watu wastaarabu huishi na wanyama wao," alisema, akitutazama sisi tunaofukuza tumbili kwa mawe.

Alitaka uenyekiti wa kamati ya mtaa. Baada ya miaka yote hiyo, ilibidi awe kitu. Sera yake ilikuwa komba, vile vinyama vya macho makubwa vinavyolia kwenye migunga yetu. Aliwatundikia masanduku sita ya mbao, marefu, yenye tundu dogo, sawa na yale ya posamu, kisha akatangaza kanisani kwamba Jumamosi jioni, kabla ya kura, tuje tujionee.

Mkamba yeyote mwenye macho aliona ni nini kimening'inia pale. Hakuna aliyemwambia. Kumkumbusha msomi wa ng'ambo mzinga wa nyuki unavyofanana kungekuwa utovu wa adabu.

Jumamosi tulifika, tukasimama mbali kidogo kuliko kawaida ya watazamaji. Musyimi alipanda ngazi, akabisha sanduku la kwanza kwa kidole, taratibu, kama mtu aliye mlangoni kwa daktari. Alishuka bila kutumia ngazi.

Mzee Muindi, mrina asali na mpinzani wake, alingoja hadi nyuki walipotulia, akamfuata, nasi tukiandamana naye, hadi nyuma ya jiko la jirani yetu Ndunge alikojificha.

"Musyimi, hebu niambie. Hii mizinga ina alama ya nani?"

Kwetu mzinga huchorwa alama ya ukoo, na wenye alama hauguswi; usio na mwenyewe huchukuliwa na yeyote.

"Si mizinga, Mzee. Ni nyumba za komba."

"Kwa hivyo haina mwenyewe."

Musyimi alitutazama kwa jicho lililobaki wazi. Sera iko hapa, mbao zake ziko pale, na angeweza kuokoa kimoja tu.

"Ni mizinga," alisema. "Ni yangu."

Kura ilipigwa papo hapo kwa kuinua mikono. Muindi alipata yote. Musyimi angejipigia, lakini mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na katibu alikataa kuhesabu nia.