Gemu ya Mitumba Niliyoipeleka Kanisani

Nimechoka kukwepa watu, wacha niseme mwenyewe. Shule niliacha darasa la tatu, lakini nyumba za kupangisha hapa Noonkopir nimejenga kwa mikono yangu, kwa hivyo mimi huwa siulizi mtu.

Nilinunua mashine ya gemu na sidii yake kwa Wafula, fundi tunayesali naye, vijana wachezee kwa kibanda changu. Ikakataa kufunguka.

"Mzee, sidii ilishatumika," vijana wakasema. "Inataka intaneti iulize kampuni kwanza."

"Upuzi! Ng'ombe nikinunua soko la Mashuuru, anaomba mwenyewe wa zamani ruhusa ndio ale nyasi?"

Jumapili Wafula alikuwa anasimikwa mzee wa kanisa. Nilisimama nikasema huyo ni mwizi, ameniuzia kitu mbovu. Mchungaji akasimamisha ibada, mashine ikaletwa. Wafula aliiunganisha na intaneti ya simu yake, na mpira ukaanza kuchezwa kwa skrini ya nyimbo, kanisa lote likiangalia.

Nikatafuta kiti.

"Usikae, Baba Nduta," mchungaji akasema. "Rudia vile ulisema."