Waya wa Njano

Sikitu hakuwa mtu wa kuamini daftari. Alikuwa na miaka kumi na mitatu baba yake alipoihamisha familia na ng'ombe kutoka Meatu hadi bonde la Kilombero, na tayari alikuwa mama wa watoto wawili siku watu wa kuhesabu mifugo walipofika kwenye boma lao, upande wa Malinyi. Walikuwa watu wapole. Walikunywa maziwa, wakauliza idadi ya ng'ombe, wakaandika, wakaaga. Baba yake alitaja wote, mpaka ndama wa juzi. Miezi michache baadaye ikaja amri ya kuondoa mifugo bondeni, na idadi iliyosomwa ilikuwa ileile aliyoitaja mzee kwa mdomo wake. Tangu hapo, mtu mwenye kalamu akija kuuliza kwa upole, Sikitu alikuwa anamjibu nusu.

Familia ilitawanyika. Yeye na mumewe walihamia Mtoni B, kitongoji kilicho mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Mchombe, wakauza mifugo iliyobaki na kununua mashine ya dizeli ya kukoboa mpunga. Mume alipofariki, watu walidhani ataiuza. Hakuiuza. Alijifunza kubadilisha mkanda na chujio, akajua kwa kusikiliza tu kama mpunga umekauka vizuri au bado una maji. Wanawake walikuja na magunia yao tangu asubuhi, wakamwita Mama Mayunga, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kisha wakaja vijana wawili wenye fulana za kung'aa, kila mmoja na kishikwambi mkononi. Walisema kampuni yao, Nuru Bonde, italeta umeme wa jua kitongojini, na wanaandika kila nyumba na matumizi yake.

"Mama, hapa kuna biashara yoyote? Mashine?"

Siku hiyo mashine ilikuwa imezimwa, na mlango wa banda ulikuwa umefungwa. Sikitu aliwatazama usoni, akatazama vishikwambi.

"Hapa ni nyumba ya kuishi tu," alisema.

"Na lile banda?"

"La mbuzi."

Wakaandika, wakashukuru, wakaenda nyumba ya pili.

Umeme ulikuja kweli. Paneli zilijaa kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge, na pembeni ikajengwa nyumba ndogo ya mitambo na betri. Mwaka mzima Sikitu aliuruhusu umeme ule uwashe taa za nyumbani tu. Dizeli ilipoanza kumsumbua kila wiki ndipo alipokubali ufike kwenye mashine. Mafundi wa kampuni walivuta nyaya tatu hadi bandani, wakabadilisha mita, wakafunga mota. Hakuna aliyemuuliza swali, naye hakumwambia mtu kitu. Siku ya kwanza mota ilipozunguka bila moshi wala kelele, wanawake walipiga vigelegele, naye alitabasamu kidogo huku akiukazia macho mkanda wa mashine.

Matatizo yalianza mwezi wa tatu, mvua za masika zilipofunga anga. Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Mashine ilikuwa inakoboa vizuri, mara ikaanza kunguruma kama mtu anayenyanyua mzigo unaomshinda. Sikitu akazima haraka. Alitoka nje kuangalia kama umeme umekatika. Haukuwa umekatika. Ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Salimu, taa ilikuwa inawaka na friji kubwa mbili zilikuwa zinavuma. Baada ya saa moja mota ikafanya kazi kama kawaida. Siku mbili baadaye ikarudia, saa ileile. Mara ya tatu Sikitu alikuwa nje akipima pumba. Aliporudi ndani alikuta moshi na harufu ya waya ulioungua.

Aliipandisha mota kwenye fuso la mchele hadi Ifakara, kwa Agapiti, mzee wa Kindamba ambaye alikuwa anasuka upya koili za mota zilizoungua tangu enzi za mashine za vyama vya ushirika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeniletea maiti?"

Agapiti alifungua mota, akainama kuichungulia. Kisha akamwonyesha kwa bisibisi. "Ona. Koili hizi mbili zimekuwa nyeusi. Hii ya tatu ni nzima, kama imetoka dukani. Mota hii inataka nyaya tatu. Ilipewa mbili. Hizo mbili zikabeba mzigo wa tatu mpaka zikaungua."

"Kwa hiyo waya mmoja ulikatika?"

"Ungekatika ungebaki umekatika. Wewe unasema unarudi wenyewe baada ya saa moja." Mzee alinyanyua macho. "Ama kuna mahali pamelegea, ama kuna mkono unaugusa."

Sikitu aliondoka na neno hilo la mkono. Njia nzima ya kurudi, basi likiruka mashimo, alikuwa anatafuta mkono huo ni wa nani.

Jibu alilipata kirahisi, na pengine ndiyo maana alilipenda. Nguzo iliyokuwa inaleta nyaya bandani kwake ilisimama ubavuni mwa duka la Salimu. Yeye akizimikiwa, Salimu alikuwa anawaka. Salimu alikuwa na friji za barafu na samaki, na kila mtu alijua friji zinakula umeme. Isitoshe alikuwa na ngazi. Babu yake alitoka Kilwa kuja kuuza nguo, na Salimu mwenyewe alizaliwa Ifakara, lakini Mtoni B bado kulikuwa na watu waliomwita mgeni. Sikitu aliitwa hivyohivyo, ila wakati huo hakulikumbuka hilo.

Mota iliporudi akaanza kulinda. Alihamisha kiti chake hadi mlangoni mwa banda, akakaa akimtazama Salimu akifungua, akifunga, akipokea samaki wa wanawake waliomwekesha. Asubuhi Salimu alizoea kumsalimia kwa Kisukuma chake kibovu, "Mwangaluka, Mama Mayunga!" Sasa Sikitu aliitikia kwa kutikisa kichwa tu. Baada ya wiki Salimu naye akaacha kusalimia.

Alasiri moja yenye mawingu mazito, Sikitu alimwona Salimu akiegemeza ngazi ukutani, karibu na nguzo, na kupanda. Wakati uleule, nyuma yake, mota ikaanza kunguruma.

Alizima swichi na kuvuka barabara akikimbia.

"Shuka! Shuka nikuone mkono wako!"

Salimu aligeuka, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Akaitema. "Kuna nini, Mama Mayunga?"

"Mwezi mzima unanikatia waya wangu ulishe friji zako! Umeniunguzia mota!"

"Mimi? Bati linavuja! Njoo uangalie!"

Watu walishajaa. Hakuna aliyepanda kuangalia bati. Mtu mmoja alisema naye huwa anaona taa yake inafifia Salimu akiwasha friji. Mwingine akasema ndivyo walivyo watu wa duka. Kabla ya jioni Sikitu alikuwa amepiga simu kampuni kutoa taarifa ya wizi wa umeme, akataja jina. Kampuni ilimzimia Salimu mita kwa mbali, bila hata kufika, wakisema wanasubiri ukaguzi.

Ukaguzi ulikuja siku ya nne. Siku hizo nne samaki wote walioza, na wengi hawakuwa wa Salimu. Walikuwa wa wanawake wanaonunua perege na kambale kwa wavuvi na kuwahifadhi kwake kabla ya kuwapeleka mnadani. Harufu ilivuka barabara ikaingia bandani. Sikitu aliwaona wanawake wale wakimwaga samaki kwenye shimo. Wawili kati yao walikuwa wateja wake wa mpunga. Alijiambia hilo ni kosa la mwizi.

Aliyekuja kukagua alikuwa Antoni, mhandisi kijana kutoka ofisi ya kampuni ya Ifakara. Alipanda nguzo, akapima, akafungua mita ya Salimu, akashuka akijifuta mikono.

"Shikamoo, mama. Hapa hakuna kitu kilichoguswa. Na huyu kaka hata hatumii waya uliokuwa unakosekana kwako. Yeye yuko kwenye waya wa bluu. Kwako unakosekana wa njano."

"Nani anauchukua huo wa njano?"

Antoni alisita, na Sikitu akaliona hilo. "Hakuna anayeuchukua. Betri zikipungua, mtambo unapunguza mzigo. Unakata laini moja ili zingine zisizime."

"Unakata ya nani?"

"Mtambo unaamua wenyewe, mama."

"Nani aliuambia uamue hivyo?"

Antoni alianza kukusanya vifaa vyake. Sikitu alikwenda kumwita Rosemery, mtendaji wa kijiji, na wote watatu wakaenda kwenye nyumba ya mitambo. Ndani kulikuwa na baridi na mvumo mdogo. Antoni aliwasha skrini, ikatokea orodha. Mnara wa simu ulikuwa wa kwanza kulindwa, kisha zahanati, kisha maduka yenye friji. Nyumba za kuishi zilikuwa za mwisho, nyingi kwenye waya wa njano, na huo ndio uliokatwa kwanza kila betri ziliposhuka.

"Mashine yenye nyaya tatu ikiwepo kwenye orodha," Antoni alieleza, "mtambo haukati waya mmoja. Unakujulisha kwenye simu, halafu unakata nyaya zote tatu pamoja, mota isiungue. Lakini wewe..." Alitafuta kwa kidole. "Sikitu. Nyumba ya kuishi. Na hapa kwenye maelezo wameandika: banda la mbuzi."

Rosemery aliachia kicheko kidogo, akakimeza. Sikitu aliyaona tena macho ya wale vijana wawili, jinsi walivyomwamini.

Lakini hakuwa mtu wa kubaki ameduwaa. "Sawa, hilo nilisema mimi," alisema polepole. "Mafundi wenu walipokuja kufunga mota, walifunga kwa mbuzi?"

Antoni aliinamisha kichwa. "Walibadilisha mita. Taarifa za ofisini hazikubadilishwa. Hilo ni letu."

"Na hii ya kuwa mnara kwanza, sisi mwisho, nani alipanga?"

"Iko kwenye mkataba na serikali ya kijiji."

Rosemery, aliyehamia kituo hicho mwaka uliopita, alirudi ofisini akautoa mkataba kabatini. Ulikuwa wa Kiingereza. Ilimchukua siku mbili kuusoma, akimpigia Antoni simu kila alipokwama. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema orodha ya nani akatwe kwanza ipelekwe mbele ya mkutano wa kijiji kila mwaka, watu waijadili. Miaka mitatu ilikuwa imepita na hakuna mtu wa Mtoni B aliyewahi kuisikia.

Kabla ya mkutano Sikitu alivuka barabara. Salimu alikuwa anasugua friji kwa majivu na ndimu.

"Nimekukosea," alisema Sikitu.

"Nimesikia." Hakugeuka.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulinitazama mwezi mzima, Mama Mayunga. Mwezi mzima umekaa pale kwenye kiti. Hukuweza kuvuka siku moja uniulize?"

Sikitu aligeuka kukitazama kiti chake ng'ambo ya barabara.

"Mimi sitaki uniombe radhi hapa, mimi na wewe na friji," Salimu aliendelea. "Ulinitukana mbele za watu. Sema mbele za watu. Na wale kinamama wa samaki, wao utawaambia nini mimi sijui."

Alisema. Kwenye mkutano, mbele ya watu waliojaa darasa la shule ya msingi mpaka madirishani, Sikitu alisimama na kusema kwamba Salimu hakugusa waya, kwamba mwenye kudanganya tangu mwanzo alikuwa yeye, na kwamba samaki walioza kwa sababu yake. Kwa wale kinamama aliahidi kuwakobolea mpunga wote wa msimu huo bila kuchukua kitu. Mmoja alikubali. Mwingine alisema atapeleka mpunga wake Mchombe, na kweli akapeleka.

Kisha Rosemery akasoma orodha kwa sauti, jina kwa jina, na darasa likachafuka. Kila mtu alitaka kujua kwa nini yuko pale alipo. Walibishana mpaka jua likashuka. Zahanati ikawekwa ya kwanza, juu ya mnara, na Antoni akasema hilo lazima aliulize ofisini. Nyumba ziligawanywa upya kwenye nyaya zote tatu ili zipokezane kukatwa. Mashine ikaandikwa mashine, kwa masharti kwamba siku za mawingu itasimama saa nane mchana.

Agapiti alimfungia Sikitu kifaa kidogo kinachozima mota waya wowote ukikosa umeme. Mota haijaungua tena. Salimu amerudi kumsalimia, ila kwa Kiswahili, na hakai kusubiri jibu.

Mwezi uliopita malori yalianza kumwaga nguzo mpya kando ya barabara ya Mlimba. Watu wanasema ni za gridi ya taifa, na kwamba Nuru Bonde itauza umeme wake huko badala ya kuuleta hapa. Antoni alipokuja kusafisha paneli, Sikitu alimfuata mpaka kwenye seng'enge.

"Hizo nguzo zikifika kwetu, orodha ya kukata ataishika nani?"

"Itashikwa mbali, mama. Sijui ni wapi hasa."

"Na mkutano wake unafanyika wapi?"

Antoni alisema hajui. Sikitu alimwomba namba ya simu ya mtu anayejua, akasubiri pale jua kali mpaka akapewa. Ameipiga mara tano. Bado haijapokelewa.